Makala ya vinasaba vya selimundu: nani alipe ada, data iende wapi, na DNA iliyobaki ni ya nani?

Mratibu_Damu

Wakuu, salaam. Nalileta hili humu kwa sababu wapo waliokaa kwenye kamati za maadili, wapo wa maabara, na wapo wanaoyajua majarida kwa ndani.

Tunakaribia kuwasilisha makala. Wagonjwa ni 412 wa selimundu kutoka kliniki mbili za Tanzania Bara. Jenomu nzima ya kila mmoja imesomwa kwa kina cha 30x (kila sehemu wastani wa mara 30) kwenye maabara ya mshirika wetu Ulaya. Tunatafuta tofauti za vinasaba zinazoifanya HbF, ile himoglobini ya utotoni, ibaki juu hata mtu akikua. Fomu ya ridhaa inasema damu itatumika kwa "utafiti wa selimundu na magonjwa mengine ya damu" na kwamba sampuli zinaweza kupelekwa nje kwa uchunguzi. Haisemi lolote kuhusu hifadhidata za wazi wala kampuni.

Mshirika ametuma mapendekezo manne. Profesa wao awe mwandishi wa mawasiliano (anayeshughulika na jarida kwa niaba ya wote), kwa kuwa chuo chao ndicho kitakacholipa ada ya jarida. Data ghafi iwekwe ENA, hifadhidata ya Ulaya ya vinasaba, wazi kwa yeyote, kwa maelezo kwamba jarida linalazimisha. DNA iliyobaki ikae kwao "kwa matumizi ya baadaye". Halafu kuna kampuni ya dawa inaulizia kama inaweza kuiona data kabla ya kuchapishwa.

Ni watu tuliofanya nao kazi vizuri, sitaki kuvunja uhusiano. Nataka kujua wapi tukubali, wapi tukatae, na kwa karatasi gani.

---

Mhariri_Mstaafu

Mkuu, anza na ada, maana ndiyo inayotumika kuhalalisha hayo mengine.

Hoja ya "sisi tunalipa, kwa hiyo mawasiliano yetu" mara nyingi huwa kinyume cha hesabu. Wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha wa ada unaofuata nchi. Wengine hutumia orodha ya Research4Life, mpango wa kuzipa nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu, ambako Tanzania iko Kundi A, wengine hutumia madaraja ya kipato ya Benki ya Dunia, ambako Tanzania iko kipato cha kati cha chini tangu Julai 2020. Nchi inayoangaliwa ni ya mwandishi wa mawasiliano, na baadhi ya majarida hutaka waandishi wote wawe wa nchi zinazostahili. Ukimweka profesa wa Ulaya kwenye nafasi ile, msamaha umeuua mwenyewe, kisha unaambiwa ushukuru kwa kulipiwa.

Pili, si kila jarida linadai hela. Majarida mseto, Nature Genetics ikiwa mojawapo, yana njia ya usajili: msomaji au maktaba ndiyo inalipa, mwandishi halipi hata senti. Ufikiaji huria ndio wenye bei, na Nature ilipoanza kuutoa mwaka 2021 bei ilikuwa euro 9,500. Tangu Januari 2023 mchapishaji huyo huyo ameondoa ada hiyo kwenye Nature na majarida dada ya utafiti kwa waandishi wa nchi zaidi ya 70 za kipato cha chini na cha kati cha chini. Lakini angalia vizuri jina la jarida. Nature Communications na Scientific Reports ni huria kabisa, hayana njia ya usajili, na yana utaratibu wake wa msamaha.

Hapo ndipo watu wananaswa. Makala inakataliwa na jarida la kwanza, mhariri anapendekeza ihamishiwe jarida dada, unabonyeza kitufe, miezi mitano baadaye imekubaliwa na ankara ya maelfu ya dola imekuja. Msamaha huombwa wakati wa kuwasilisha, na makala ikihamishwa unauomba upya. Ukisubiri mpaka ikubaliwe, wengi watakujibu kwamba dirisha limefungwa.

Muulizeni pia mfadhili. Gates Foundation imeacha kulipa ada za majarida tangu 1 Januari 2025 na inataka chapisho la awali (makala kabla ya kuhakikiwa na jarida) liwekwe mtandaoni. Kama kuna fedha za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, mswada uliokubaliwa kuanzia 1 Julai 2025 lazima uingie PubMed Central, hazina ya wazi ya makala za tiba, na uonekane siku makala inapotoka. Ninachopendekeza, kama fedha si za NIH: njia ya usajili, chapisho la awali kwenye tovuti ya medRxiv ambako ni bure, na mswada uliokubaliwa kwenye hazina ya maandiko ya chuo chenu baada ya muda wa zuio wa jarida, ambao kwa majarida ya Nature ni miezi 6. Gharama ni sifuri na kila mtu anasoma.

Kama ni lazima mlipe, mwambieni mhasibu achague gharama zote za benki zibebwe na mtumaji. Vinginevyo benki za katikati hukata dola 20 au 40, mfumo wa mchapishaji unaandika "haijakamilika", na makala inakaa wiki kadhaa bila kutoka.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia wengine. Cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kina sharti kwamba kibali cha kuchapisha kipatikane NIMR. Si mapambo. Pelekeni mswada huko kabla ya kuwasilisha, na kabla ya medRxiv pia. Kwa utafiti wa Zanzibar mlango ni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko.

---

Funguo_Mbili

Nachukua upande wa data.

ENA ni kosa hapa, na mtu anayesema jarida linalazimisha ama hajasoma sera ama amechoka. Majarida makubwa yanataka data ipatikane, na kwa data ya jenomu za binadamu yanakubali hifadhi ya idhini, yaani mtu haipati data mpaka aombe na akubaliwe. Hifadhi hiyo ni EGA, inayoendeshwa na EMBL-EBI ya Uingereza pamoja na CRG ya Barcelona. Kuweka data ni bure. Wahakiki hupewa njia ya kuikagua, na makala inataja namba za usajili tu.

Kazi inakwenda hivi. Mnaomba akaunti ya mwasilishaji. Mnasajili kamati ya idhini ya data, ambayo hupata namba inayoanza na EGAC, halafu sera ya matumizi inayoanza na EGAP, utafiti wenyewe EGAS, na seti ya data EGAD. Faili zinafungwa kwa Crypt4GH, mfumo wa usimbaji fiche, kabla hazijapakiwa. Jenomu moja ya 30x katika CRAM, muundo wa faili iliyobanwa, ni takriban GB 15, kwa hiyo 412 ni kama TB 6.2. Kwa laini ya Mbps 50 isiyokatika ni siku 11 na zaidi, kwa hiyo waacheni wapakie wao huko Ulaya, lakini kwa akaunti ambayo kamati yake ni yenu. Nyie mbaki na nakala kamili kwenye diski mbili zilizo majengo tofauti. Kuna timu nyingi hapa nyumbani ambazo data yao wenyewe wanaiomba kwa barua pepe.

Namba ya EGAC ndiyo yenye nguvu, kuliko hata jina la kwanza kwenye makala. Anayekaa kwenye ile kamati ndiye anayeamua nani aguse data kwa miaka ijayo. Muwe wengi ndani yake, awepo mtu wa kamati ya maadili, na anwani iwe ya ofisi wala isiwe ya mtu. Mtu akihama chuo, maombi yanaanguka kwenye sanduku lisilofunguliwa.

Sera iandikwe kwa misimbo ya DUO, orodha ya pamoja ya masharti ya kutumia data, ili mashine na binadamu waelewe sawa. Kwa ridhaa mliyo nayo: DUO:0000007, utafiti wa ugonjwa maalumu, hapa magonjwa ya damu, DUO:0000021, kibali cha maadili kinahitajika, na DUO:0000018, si kwa biashara na ni kwa taasisi zisizo za faida. Ule wa "matumizi yote ya utafiti" msiuguse, fomu yenu haikuomba hivyo.

Kwa nini isiwe wazi? Kwenye selimundu kujua tu kwamba mtu yumo ndani ya seti ni kujua ugonjwa wake. Na wazazi wake wawili umeshawajua kuwa wanabeba kinasaba. Mwaka 2013 watafiti waliwatambua kwa majina karibu watu 50 waliojitolea jenomu zao, wakitumia kromosomu Y, tovuti za ukoo na taarifa zilizokuwa hadharani. Wala usidhani kuondoa majina kunatosha. Ondoeni kijiji, wekeni kanda. Ondoeni tarehe za kulazwa, wekeni idadi ya siku tangu kuandikishwa. Umri uwe wa makundi. Mgonjwa mmoja wa miaka 61 katika kliniki ya wilaya anajulikana na kila muuguzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za vinasaba kwenye kundi nyeti, na kuzipeleka nje kuna masharti yake. Juu ya hapo NIMR inataka mkataba wa kuhamisha data, tofauti na ule wa sampuli. Tafuteni kama mliusaini. Timu nyingi zina wa sampuli tu.

---

Jirani_wa_Webuye

Niko Kenya, na kwa heshima napinga nusu ya hayo, ndugu Funguo_Mbili.

Mwaka 2016 ilihesabiwa kwamba 81% ya watu walioshiriki kwenye tafiti za kuhusisha vinasaba na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Kiafrika 3% tu. Matokeo yake ni ya kivitendo: alama za hatari za vinasaba zilizotengenezwa kwa data ya Wazungu zilikuja kuonekana kuwa dhaifu takriban mara nne na nusu kwa watu wa asili ya Kiafrika. Kila seti inayofungiwa kwenye kamati isiyojibu inaongeza tatizo hilo hilo. Watakaoshindwa kuipata ni kijana wa Kisumu au Mwanza mwenye kompyuta na wazo, wala si kampuni kubwa. Kampuni kubwa ina wanasheria na mkataba wake pembeni.

Tazama sampuli za Waluhya wa Webuye. Zimo kwenye mradi wa jenomu 1000, ziko wazi, na karibu kila mtu anayefanya uchambuzi wa vinasaba vya Afrika Mashariki anazitumia kama kipimo cha kulinganishia. Wale waliridhia uwazi tangu mwanzo, na hakuna ugonjwa uliobandikwa kwenye data yao. Kwa hiyo nakubali kwamba data yako ya mtu mmoja mmoja haifai kuwekwa vile. Ila msifungie kila kitu.

Toeni takwimu za jumla: kila tofauti ya kinasaba, ukubwa wa athari yake kwenye HbF, kosa la kipimo na thamani ya p. Zipelekeni GWAS Catalog, hifadhi ya wazi ya matokeo ya tafiti za namna hii. Najua kuna utafiti wa 2008 ulioonyesha kwamba hata masafa ya aleli (kiwango cha kila aina ya kinasaba ndani ya kundi) yanaweza kufichua kama mtu fulani yumo, na NIH ikaziondoa takwimu hizo hadharani mwaka huo huo. Baadaye, 2018, ilizirudisha kwa tafiti nyingi na kubakiza zuio kwa zile zenye unyeti. Kwenu njia ya kati ipo: toeni athari na thamani ya p, na mahali pa masafa ya aleli wekeni ya idadi ya watu wa kawaida badala ya ya wagonjwa wenu.

Na kamati ijiwekee muda kwa maandishi. Siku 15 za kazi, jibu la ndiyo au hapana na sababu. Kamati isiyojibu ni kufuli isiyo na ufunguo.

---

Funguo_Mbili

Hiyo ya takwimu za jumla nakubali, na siku 15 pia. Ila athari peke yake bila masafa itawasumbua wanaofanya uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi. Waruhusuni kuomba masafa kwa fomu fupi, bila kupitia mchakato mzima wa EGA.

---

Mkataba_Kwanza

DNA iliyobaki na kampuni. Haya ni mambo ya mkataba wa kuhamisha sampuli, kwa hiyo toeni ule mliosaini na mtafute maneno sita: kusudi, kiasi, muda, mtu wa tatu, vitokanavyo, na kurejesha.

Kiasi ndicho husahaulika. Mililita 5 za damu hutoa mikrogramu 100 hadi 200 za DNA. Kusoma jenomu nzima bila PCR hutumia kama mikrogramu 1. Mliopeleka damu nzima mmewapelekea akiba ya majaribio zaidi ya mia moja. Safari ijayo toeni DNA hapa hapa, pimeni kwa mashine ya Qubit na si kwa Nanodropu pekee (hiyo huhesabu hata RNA na uchafu), na tumeni mikrogramu 3: moja ya kazi, mbili za dharura. Zilizobaki zikae kwenye friza yenu ya nyuzi -80 yenye jenereta.

"Matumizi ya baadaye" hayapo kwenye ridhaa yenu. Wahavasupai wa Arizona walitoa damu kuanzia 1990 wakijua ni ya kisukari. Ikatumika pia kuchunguza skizofrenia na asili ya kabila lao. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo kikuu cha jimbo kilikubali kuwalipa watu 41 dola 700,000 na kuwarudishia damu. Mwaka 2019 kulizuka mzozo wa hadharani kuhusu sampuli za Kiafrika zilizokuwa Taasisi ya Sanger, kituo cha utafiti wa vinasaba cha Uingereza, na mpango wa kutengeneza chipu ya kibiashara ya kupimia vinasaba. Taasisi ilikana kukosea, Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilitaka sampuli zirudishwe. Ubishi wote ulirudi kwenye kilichoandikwa na kisichoandikwa katika fomu na mkataba.

Msitegemee Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya rasilimali za vinasaba, hapa. Inagusa mimea, wanyama na vijidudu. Vinasaba vya binadamu haivihusu. Kinga yenu ni kibali cha maadili na mkataba, basi.

Kwa hiyo mwandikieni mshirika barua fupi: ndani ya siku 60 DNA iliyobaki irudishwe kwa barafu kavu, au iharibiwe na cheti kitolewe, isipokuwa NatHREC, kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, ikubali maombi ya marekebisho. "Vitokanavyo" ni pamoja na maktaba za usomaji (DNA iliyoandaliwa kwa mashine ya kusomea) na seli zozote zilizooteshwa. Watu hudai DNA wakasahau seli, na seli ndizo zisizokwisha.

Kampuni sasa. Kisheria Marekani haiwezi tena kumpa mtu hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kinasaba kama kilivyo mwilini. Mahakama ya Juu ilikata hivyo Juni 2013 kwenye kesi ya kampuni ya Myriad, ikaacha mlango kwa DNA iliyotengenezwa maabara. Faida siku hizi haiko kwenye kumiliki kinasaba. Iko kwenye kujua mapema pa kulenga. Kinasaba kiitwacho BCL11A kilibainishwa kuwa swichi ya HbF kupitia tafiti za vinasaba za 2007 na 2008. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha Casgevy, tiba inayokata kidhibiti cha kinasaba hicho kwenye seli za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na inahitaji kemotherapi nzito na kitengo cha kupandikiza uboho. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Piga hesabu mwenyewe nani atanunua.

Kwa hiyo "kuona kabla ya kuchapishwa" ndiyo bidhaa yenyewe. Jibu ni hapana, mpaka mambo mawili yatimie: ridhaa mpya au uamuzi wa kamati ya maadili unaoruhusu biashara, na mkataba wa pande tatu ambao taasisi yenu imesaini. Mkifika hapo msikimbilie mrabaha. Uwezekano kwamba tofauti moja ya kinasaba itazaa dawa ni mdogo mno, na asilimia 1 ya sifuri ni sifuri. Ombeni vinavyoshikika: vitendanishi na matengenezo ya mashine kwa miaka mitatu, nafasi mbili za uzamivu, dawa ya selimundu ya haidroksiurea kwa kliniki zilizotoa wagonjwa, na kifungu cha bei ya nchi kama zetu iwapo kitu kitafika sokoni.

---

Mratibu_Damu

Asanteni sana wakuu, nimepata kazi ya wiki nzima. Maswali mawili yamebaki. Chapisho la awali halitawapa wengine nafasi ya kutuwahi? Na mshirika anaweza kukubali waandishi wawili wa mawasiliano. Hilo lina ubaya?

---

Mkataba_Kwanza

La kwanza: kinyume chake. Kikishatoka hadharani chenye tarehe, hakuna awezaye kukiwekea hataza kama kipya. Lakini kisu hicho kinakata na nyie. Ulaya haina muda wa neema wa jumla, mkichapisha mmejifungia. Marekani mna miezi 12. Kama kuna mbinu yenu, mfano kipimo cha haraka cha tofauti hizo, wasilisheni ombi la hataza kwanza, hata la muda, ndipo mpakie medRxiv. Kama hakuna, pakieni mapema. Kampuni itasoma siku moja na dunia nzima.

---

Mhariri_Mstaafu

La pili: wawili wanaruhusiwa karibu kila mahali, lakini mfumo wa jarida unamtambua mmoja tu wa kushughulika naye, na yeye ndiye anayesaini leseni na kuletewa ankara. Huyo awe wenu. Na kama jarida linataka waandishi wote wa mawasiliano watoke nchi zinazostahili msamaha, wawili watauharibu. Someni ukurasa wa ada kabla ya kuahidi. Mshirika anaweza kuwa mwandishi wa mwisho bila kuwa wa mawasiliano, na kwenye fani hii nafasi ya mwisho ni heshima kubwa, kwa hiyo mna cha kumpa.

Mtumieni pia fomu zenyewe. PLOS, mchapishaji wa majarida huria, tangu 2021 inaweza kudai dodoso kwa utafiti uliofanywa nchi nyingine: nani alitoa kibali, wenyeji walishirikije, nani kati yao ni mwandishi. Majarida ya Nature nayo tangu 2022 yanahimiza maelezo ya namna hiyo. Kuzijaza pamoja naye kabla ya kugombea nafasi kunapunguza joto, maana majibu yanajionyesha kwenye karatasi bila mtu kumtuhumu mwenzake.

Kwenye sehemu ya upatikanaji wa data andikeni vitu vitano tu: namba ya EGAD, jina la kamati na anwani ya ofisi, masharti ya matumizi, siku 15 za kujibu, na mahali zilipo takwimu za jumla. Msiandike "data inapatikana kwa kuomba waandishi". Wahariri wengi sasa wanairudisha sentensi hiyo, na wako sahihi.